Zima Muziki Huo, Mtoto Afanye Hesabu

Nimeulizwa tena, na safari hii swali limekuja na jibu lake mkononi. Mama anayesomesha watoto wake wawili nyumbani, mmoja wa miaka saba na mwingine mitano, ameniandikia: "Mwalimu, tukianza hesabu asubuhi nawawekea Mozart kwa sauti ndogo, wanatulia vizuri. Hicho si tayari kipindi cha muziki? Au niongeze kitu?"

Usiongeze kitu, mama. Punguza. Zima.

Ninafundisha muziki watoto wadogo, na wengi wa wazazi ninaoshirikiana nao ni wale walioamua kusomesha wenyewe. Nawaheshimu, kazi ile si ya mchezo. Lakini imani hii naikuta kila ninakokwenda: kwamba muziki wa klasiki ni dawa ya kutuliza yenye heshima, unaiachia chumbani chini kwa chini, mtoto anapoa, akili inafunguka, na kipindi cha sanaa kinapita bila mtu kuinuka kitini.

La akili kufunguka nitalipita mbio, maana nimelichoka. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti mfupi wa Frances Rauscher na wenzake wawili. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu, watu wazima kabisa, walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili, namba K. 448 katika orodha ya kazi za Mozart, kwa dakika 10, kisha wakafanya maswali ya kuwazia maumbo. Walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya, na faida hiyo ikayeyuka ndani ya robo saa hivi. Mtoto hakuwemo hata mmoja. Ilipofika 1998, Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani, alikuwa anaomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto mchanga apewe rekodi ya muziki wa klasiki. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada wakamlinganisha Mozart na hadithi ya Stephen King iliyosomwa kwenye rekodi: waliopenda hadithi kuliko muziki walifanya vizuri zaidi baada ya hadithi. Mtu akichangamka anafanya vizuri, basi. Tuliache.

Linalonichoma ni hilo la kutulia.

Muziki wa kutuliza upo, sikatai, na watengenezaji wa zile orodha za "klasiki kwa watoto" wanaujua wote: Air ya Bach, Canon ya Pachelbel, muvumenti, yaani sehemu, za polepole zilizokatwa kutoka sonata na simfoni na kupangwa foleni kana kwamba mtunzi hakuandika nyingine. Allegro, sehemu ya kasi, imetupwa. Skerzo, sehemu ya kuchezacheza, imetupwa. Mtoto anakula miaka mitatu katikati ya simfoni bila kujua kwamba kitu hicho kina mwanzo, na kwamba mwisho wake mara nyingi ni fujo tupu.

Sasa huyo Mozart mnayemfanya yaya. Juni 1778 alikuwa Paris na simfoni mpya, ya 31, K. 297, na akamwandikia baba yake jinsi ilivyopokelewa. Alikuwa amesikia kwamba pale mjini allegro ya mwisho huanzishwa na ala zote kwa pamoja. Yeye akaianza kwa fidla tu, za kwanza na za pili, kwa piano, yaani sauti ndogo (si ala ya piano), kwa bari nane, vipimo vifupi vya muziki, ndipo forte, sauti kubwa, ikaangukia. Anasimulia kwamba kwenye ile piano wasikilizaji walinyamazishana, kama alivyotarajia, na forte ilipoingia wakapiga makofi palepale, muziki ukiendelea. Akafurahi, akaenda kula aiskrimu. Barua hiyo ningetaka kila mzazi aisome, kwa sababu inaonyesha mtunzi akiwa kazini: amewawekea watu mtego wa sauti ndogo ili sauti kubwa iwanase. Piano ile iliandikwa kwa ajili ya forte ile. Ukishusha spika hadi isimsumbue mtu anayejumlisha, piano haisikiki kabisa na forte inakuwa mnong'ono wa chumba cha pili. Mtego umeuondoa, halafu unaniambia watoto wanatulia. Watakosaje kutulia?

Nimewatazama wazazi wakijaribu. Mkono hautoki kwenye kitufe. Muziki unapotea, anapandisha, tarumbeta zinaingia, anashtuka, anashusha, obo inaanza kuimba peke yake, haisikiki, anapandisha tena, ngoma za timpani. Mwishowe anatafuta kitu kisichopanda wala kushuka, na hicho ndicho kinachobaki kikilia nyumba nzima kwa mwaka mzima. Uamuzi mkubwa wa kimuziki umefanywa na kitufe.

Halafu kuna simu. Spika ya simu haitoi besi, na hapa si kwamba napenda anasa, ni umbile lake: ni ndogo mno kusukuma hewa ya kutosha kwa noti nzito. Le Carnaval des animaux (Karnivali ya wanyama) ya Camille Saint-Saëns, ya 1886, ina tembo anayepigwa na kontrabesi, ala ya nyuzi yenye sauti nzito. Kupitia simu tembo huyo anatoka kama mbuzi mwenye mafua. Mzazi anasema "unamsikia tembo?" na mtoto, ambaye ni mkweli, anasema hapana, na mzazi anahitimisha kwamba mtoto hana sikio. Tafuta spika yoyote yenye mwili kidogo, hata kuukuu. Kama programu yako ina mpangilio unaobana tofauti ya sauti ndogo na kubwa, uzime pia.

Lakini hata ukiwa na spika nzuri, tatizo la muziki wa nyuma ya hesabu linabaki, nalo ni la mazoea. Sikio hufundishika. Mtoto anayesikia okestra kila asubuhi huku anafanya kitu kingine anafuzu somo moja: kwamba sauti hiyo haimhusu. Anajifunza kuisukuma kando, na watoto ni hodari wa kusukuma kando. Wazazi mnalijua hilo mkiwaita waje kuoga. Atakayeshindwa kuisukuma ni yule mwenye sikio kali. Huyo atafuata mstari wa selo, atasubiri tuni irudi, na hesabu zake zitakuwa ovyo, kisha atakaripiwa kwa kutosikiliza. Kati ya wote chumbani, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasikiliza.

Hapa kuna jambo linanisumbua, na sitalifunika. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani, aliwataka wazazi wapige rekodi nyumbani kila siku, hata mtoto akiwa na mambo yake. Hoja yake ilikuwa kwamba lugha ya mama hakuna aliyeipata kwa kukaa kitako. Mtoto anazungukwa nayo mpaka inamwingia. Na watoto wa Suzuki wanapiga fidla, huwezi kubisha. Nikijitetea nasema kwamba rekodi zile ni za vipande vichache, vilevile kila siku, ambavyo mtoto atavipiga kwa mikono yake, kwa hiyo sikio lina sababu ya kuvidaka. Si saa mbili za vipande visivyo na jina. Siku nyingi utetezi huo unaniridhisha. Siku nyingine nawafikiria wanamuziki waliokulia kwenye nyumba ambazo redio haikuzimwa, na nakosa la kusema. Pengine kumwagikiwa na muziki ndani ya nyumba ambamo watu wazima wenyewe wanaupenda ni kitu kimoja, na kuwekewa kama manukato ni kingine. Sijui namna ya kulipima hilo.

Ninachofanya mimi ni kifupi. Kipande kimoja, dakika chache, kazi moja ya kufanya, na kipande hichohicho kesho na keshokutwa. Mfano ninaoupenda ni muvumenti ya mwisho ya kwateti ya nyuzi (ala nne za nyuzi) ya mtunzi Haydn, Op. 33 Na. 2, ya 1781, ile inayoitwa "Mzaha". Tuni yake ni nyepesi, inarudi mara nyingi, mtoto anaishika upesi. Kazi yake ni kuinua mkono akiwa na hakika kwamba muziki umekwisha. Wanasikiliza, wanatikisa miguu, sawa tu. Kuelekea mwisho Haydn anaanza vituko: anachomeka adagio, sehemu ya polepole, fupi ya kujifanya mzito, halafu anaikatakata tuni, kila kipande na kimya baada yake. Mkono unapanda. Fidla inaendelea. Mkono unashuka, uso umekunjwa. Kimya kingine, mkono unapanda tena nusunusu. Kisha kinakuja kimya kirefu kuliko vyote, mikono yote iko juu kwa ujasiri kamili, na tuni inachungulia mara moja zaidi, mwanzo wake tu, pianissimo, kwa sauti ndogo sana, na hapo ndipo kwisha kwenyewe, sasa hakuna anayethubutu kuamini.

Wale wanaoitwa "hawawezi kukaa" ndio wanaoomba irudiwe. Mtoto wa miaka mitano hapo amefuata rondo, yaani muziki ambao tuni yake hurudi tena na tena, amekisia, amedanganywa, na amesikiliza kimya kama sehemu ya muziki. Jaribu kuyapata hayo huku anajumlisha 7 na 5.

In the Hall of the Mountain King ya Grieg siielezi sana, wote mnaijua: dakika mbili na nusu, tuni moja, pizikato (nyuzi zinazodonolewa kwa vidole) na fagoti, ala za kupuliza, za chini, kisha akselerando na kreshendo, kasi na sauti zikipanda, mpaka paa liondoke. Waache watembee nayo. Ila anzeni na sauti ya spika iliyo juu vya kutosha ili zile bari za kwanza zisikike, na umwonye mdogo kuhusu kordi za mwisho.

Kobe wa Saint-Saëns, wa mkusanyo uleule wenye tembo, ndio wanaoharibiwa zaidi na haraka ya wazazi. Kipande hicho ni mzaha: amechukua dansi ya kasi ya Offenbach, ile ya can-can kutoka Orphée aux enfers ya 1858, akaipa nyuzi zipige kwa kujikokota. Ukimwambia mtoto "sikiliza, hawa ni kobe, wanakwenda polepole", umemuuzia nusu bei. Mzaha hauchekeshi kwa mtu asiyejua kinachotaniwa. Mimi huanza na Offenbach peke yake, wanarukaruka nayo wiki nzima mpaka majirani waijue, ndipo naweka kobe bila kutaja jina. Msichana mmoja wa miaka sita alinyamaza, akaanza kuimba kwa kuvuta, midomo tu, kisha akanigeukia kwa hasira: "Mwalimu, umeuchosha wimbo!" Nilimwambia aliyeuchosha ni Saint-Saëns, naye aliona haya kiasi kwamba alikataza mkusanyo ule kuchapishwa akiwa hai, isipokuwa kipande kimoja, Le Cygne, peke yake. Ulichapishwa 1922, yeye amefariki 1921. Msichana aliona Saint-Saëns alistahili kuona haya.

Kuhusu hadithi kwa ujumla, nimegawanyika. Petya i volk (Petya na mbwa mwitu) ya Prokofiev, ya 1936, hadithi inayosimuliwa pamoja na okestra, ni kazi ya ustadi, na kwa kufundisha ala sijaona inayoishinda: filimbi ni ndege, obo ni bata, klarineti ni paka, fagoti ni babu, honi tatu ni mbwa mwitu. Lakini nina wanafunzi ambao miaka mingi baadaye wakisikia obo popote, hata kwenye adagio ya msiba, wanasema "bata!" Wamesaidiwa au wamefungwa? Siku hizi kwanza nacheza kipande bila jina, nauliza nani anaimba sasa na nini kimebadilika, halafu ndipo nataja wanyama. Siulizi "umejisikiaje", kwa sababu mtoto atajibu "vizuri", nawe utajibu "vizuri", mtaishia hapo.

La kukaa wima na mikono mapajani, sahau. Wale wa Paris walipiga makofi katikati ya allegro na mtunzi akashukuru.

Na mzazi anayesema hajui muziki, kwa hiyo bora aachie orodha ijiendeshe yenyewe: imba. Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa Hungaria, alijenga mfumo mzima wa kufundisha muziki juu ya kuimba, na hakungoja mtu anunue ala. Imba tuni ya Haydn kwa la-la-la mnapokunja nguo, ili mtoto aijue kabla hajaisikia kwenye spika. Ukiona haya ya sauti yako, gonga mdundo mezani. Simfoni ya Tano ya Beethoven inaanza na noti nne, tatu fupi na moja ndefu, na familia nzima inaweza kuzigonga leo jioni. Mkianza mtagundua hamwendi pamoja, kwa sababu kabla ya noti ya kwanza kuna pumziko la nusu pigo ambalo halisikiki na lazima kila mtu alihesabu kichwani. Waongozaji okestra wanahangaika na pumziko hilohilo, kwa hiyo msigombane.