Zamu ya kuwezesha kikao: anza na hoja moja

Ofisi nyingi humpeleka mtu mmoja kwenye mafunzo ya uwezeshaji, yaani kuongoza mjadala ili kila mtu achangie, na akirudi ndiye anayesimama mbele ya bango kitita (karatasi kubwa za kuandikia mbele ya kikao) mwaka mzima. Akihama, ujuzi umeondoka naye. Nashauri kila mwanatimu apate zamu, ila apewe hoja moja tu ya kikao cha wiki kwa dakika 20. Ajenda iliyobaki aendelee nayo mwenyekiti.

Hoja hiyo isimguse mwezeshaji mwenyewe. Anayetetea bajeti ya kitengo chake hawezi papo hapo kugawa nafasi za kusema kwa haki, na hata akijitahidi wenzake hawatamwamini.

Kazi kubwa ya maandalizi ni swali. "Tuboresheje huduma kwa wateja?" huzaa hotuba. "Ni nini kinamfanya mteja asubiri zaidi ya nusu saa pale mapokezi?" humfanya kila mtu akumbuke alichokiona. Liandike neno kwa neno juu ya bango, ukiwa umeshamsomea mtu mmoja kabla ya kikao. Akiuliza "una maana gani?", liandike upya.

Kwa anayeanza, napendelea utaratibu ulioelezwa na wataalamu wa menejimenti Andre Delbecq na Andrew Van de Ven mwaka 1971, kwa sababu haudai ulimi mwepesi. Ukiupunguza kwa timu ya watu 6 hadi 9, unaenda hivi: dakika 4 kila mtu anaandika kimya, wazo moja kwa kadi moja, isizidi mistari mitatu, kwa maka peni ili isomeke kutoka nyuma. Dakika 6 za mzunguko: kila mmoja anasoma kadi moja, inabandikwa, zamu inaendelea mpaka kadi ziishe, bila mjadala. Dakika 6 za ufafanuzi. Anayeanza kutetea wazo lake akatishwe kwa upole. Dakika 4 za kura kwenye karatasi: kila mtu anachagua mawazo matatu na kuyapa alama 3, 2 na 1, kisha zinajumlishwa.

Zile dakika 4 za kimya zisifupishwe kamwe. Kwetu mkubwa akitangulia kusema, kinachofuata ni "naunga mkono hoja", na dereva anayejua hasa gari hukwama wapi humeza neno lake. Mkurugenzi aandike kadi kama wengine na awe wa mwisho kusoma katika kila mzunguko. Aombwe hivyo faragha, kabla ya kikao, na aombwe na kiongozi wa timu. Ni kumwonea mwezeshaji kijana kumtwika ombi hilo.

Makosa mawili hujirudia. Mwezeshaji anauliza, sekunde tatu zinapita, anauliza tena kwa maneno mengine, kisha anajibu mwenyewe. Swali lililogeuzwa huwalazimu watu kuanza kufikiri upya, kwa hiyo ahesabu hadi kumi kimoyomoyo. La pili ni baya zaidi: kuandika maneno yake badala ya ya msemaji. Mtu kasema "malipo ya safari yanachelewa", ubaoni panatokea "changamoto za kifedha". Mtu huyo hatasema tena siku hiyo.

Mwanatimu mmoja awe mwangalizi asiyechangia. Achore jinsi viti vilivyokaa, na kila mtu anaposema aweke kistari kwenye kiti chake. Kikao kikiisha, dakika 5 na mwezeshaji, wawili tu. "Umefanya vizuri" haimfundishi kitu. Amwambie alichokiona: "Viti vitatu vya upande wa dirisha havikusema mpaka dakika ya 12, na ulikuwa umewapa mgongo ukiandika." Mwezeshaji achague jambo moja la kurekebisha zamu ijayo.

Zamu hiyo isikae mbali. Timu ya watu 8 yenye hoja moja kwa wiki humrudia mtu baada ya miezi miwili, na kufikia hapo maoni yameshasahaulika. Anzeni na watu watatu wakipokezana hadi wazoee, ndipo muongeze wengine.