Ridhaa katika huduma za afya ya uzazi kwa simu: maana yake

Ridhaa ni kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa na kuelewa: taarifa gani zinachukuliwa, za kazi gani, nani atazisoma, na kwamba ukikataa utahudumiwa vile vile. Likikosekana moja katika hayo, kubonyeza "Nakubali" si ridhaa.

Unguja na Pemba, wahudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya hupita nyumba kwa nyumba na simu wanazoandikia taarifa za afya. Mhudumu mwenyewe mara nyingi ni jirani, ndiyo maana swali la nani atasoma lina uzito. Sheha, yaani kiongozi wa mtaa, akiruhusu kazi ifanyike kwenye shehia yake, hajakubali kwa niaba ya mtu yeyote. Mume akisema "andika tu", amejibu lisilo lake. Na mama aliyekubali kupimwa hajakubali kuandikwa, wala aliyekubali kuandikwa hajakubali kutumiwa ujumbe. Kila moja huulizwa peke yake, faraghani, si barazani mbele ya mawifi.

Ujumbe ndiyo mahali pa kuharibikiwa. Watu huogopa wadukuzi, ilhali siri huvuja pia kwenye simu iliyoachwa juu ya meza. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 ina tarehe ya kurudi, na mfumo wa huduma unaweza kutuma kikumbusho wenyewe. "Sindano yako ya uzazi wa mpango ni Jumatatu" huweza kusomeka kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa kwa nenosiri, na huenda simu hiyo ni ya nyumba nzima. "Usisahau miadi ya Jumatatu" inatosha, bila ya kutaja kituo wala huduma. Kabla ya kusajili nambari, ulizia simu ni ya nani, nani mwengine anaishika, na ujumbe uje saa ngapi. Asiyetaka ujumbe apewe tarehe kwa mdomo, basi.

Kuhusu sheria, tahadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo fomu ya ridhaa iliyonakiliwa kutoka Bara haitoshi.

Ridhaa pia huondolewa. Mtu akisema basi, nambari yake ifutwe kwenye mfumo, kwenye simu ya mhudumu, na kwenye picha za daftari la mhudumu zilizorushwa kwenye kundi la WhatsApp. Hizo za mwisho ndizo zinazosahauliwa.