Tabianchi si kutabiri nchi

Majuzi, mwanzo wa Mei, mpwa wangu alipita barazani kwetu Mombasa kutuaga. Amemaliza shahada, amepata nafasi ya miezi sita Nairobi, kazi ya kuchambua data za setilaiti za tabianchi. Hata hajakaa vizuri, mzee mmoja akamsogezea kikombe cha kahawa tungu na kumwuliza: "Haya mjukuu wangu, harusi ya kwetu ni Jumamosi. Tuweke turubai ama tuache?"

"Babu, hilo mimi silijui."

Kimya. Muuza kahawa mwenyewe aliacha kugonganisha vikombe. Miaka minne chuo kikuu, na mvua ya Jumamosi haijui! Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akajaribu kumwokoa: "Mwacheni, ndiyo kwanza anaanza. Kutabiri nchi si kazi ya siku moja."

Kutabiri nchi. Neno hilo nimelisikia redioni, nimelisikia kwa mwalimu aliyepaswa kujua zaidi, na sasa limenifuata hadi kwenye mkeka wetu. Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya kahawa. Leo nasema.

Maana yenyewe haichukui muda. Hali ya hewa ni yanayotokea angani mahali fulani kwa saa au kwa siku: jua, mvua, upepo, joto. Tabianchi ni mwenendo wa hayo yote ukihesabiwa kwa miaka mingi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kipimo cha miaka 30, na kipindi kinacholinganishiwa sasa ni 1991 hadi 2020. Sayansi ya tabianchi kwa setilaiti ni kuufuatilia mwenendo huo kwa vyombo vinavyoizunguka dunia. Basi, kamusi imemaliza kazi yake. Uliobaki ni ugomvi wangu.

Tabia na tabiri zinafanana kwetu kwa sababu Kiswahili kimezifuta herufi zilizokuwa zikizitenganisha. Zote mbili zimetoka Kiarabuni, lakini hazina undugu. Tabia ina ile "twa" nzito mwanzoni na "ain" mwishoni. Aliyekalia mkeka wa madrasa anajua ninachosema. Shina lake ni la maumbile ya kitu, na pia la kupiga chapa, kwa hiyo kiwanda cha kuchapisha vitabu tunakiita matbaa. Tabia ni chapa iliyokwisha kugongwa. Tabiri nayo imetoka kwenye kufasiri, hasa kufasiri ndoto, na "ain" yake iko katikati. Shina lake ni la kuvuka, kutoka ng'ambo hii kwenda ile, na ndilo lililotupa abiria. Kwa hiyo anayetabiri ni ndugu wa abiria wa feri ya Likoni, na tabia ni ndugu wa matbaa. Mmoja anataka kufika kesho kabla yetu. Mwingine anasoma yaliyokwisha kuchapwa.

Kinachonishangaza ni kwamba Waswahili ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa, maana lugha yetu imeyapanga maneno haya kuliko lugha nyingi. Tunaulizana "u hali gani?" asubuhi, na jibu lake jioni linaweza kuwa jingine. Lakini posa ikija, hakuna mzazi anayemwuliza kijana hali yake. Watu wanatumwa mtaani kuuliza tabia. Anaulizwa jirani, anaulizwa imamu, anaulizwa mwenye duka aliyewahi kumkopesha. Akisema mmoja kwamba Jumanne alimwona akigombana na makanga, hiyo ni hali, labda aliibiwa chenji. Makanga wa laini nzima wakiwa wanamjua kwa jina, na tangu miaka kumi nyuma, hiyo sasa ni tabia, na posa inarudishwa kwa adabu.

Na nchi ni ipi? Zamani watu walisema "tabia ya nchi", kisha yakabanwa yakawa neno moja. Nchi hapa si ile yenye bendera na pasipoti. Ni ile ya "mbingu na nchi". Ndiyo maana mtu anaweza kuchunguza tabianchi ya Bahari ya Hindi bila kuulizwa bahari hiyo ni ya serikali gani.

Wazee wetu wa pwani waliijua tofauti hii bila setilaiti. Nahodha hakuhesabu safari kwa miezi ya mfungo, ile ya kalenda ya Kiislamu, kwa sababu miezi ya mwandamo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na upepo haufuati mwandamo. Alihesabu kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka wa jua, kwa miongo ya siku kumi kumi, akajua mwongo gani Kaskazi huanza na mwongo gani Kusi hufunga bahari. Hakudai kujua upepo wa Alhamisi. Alijua mazoea ya upepo, na mazoea hayo yalimtosha kusafiri Arabuni na kurudi.

Sasa turudi kwa setilaiti. Watu wanadhani ni jicho la kuona mvua ikija. Zipo za namna hiyo, na utabiri wa siku hizi hauwezi kuishi bila hizo. Lakini kwa tabianchi setilaiti inachukua nafasi ya jirani katika ile posa: shahidi wa miaka. Na ushahidi wa jirani una matatizo yake. Jirani huhama, jirani huzeeka, macho yake huingia ukungu, na mwenziwe anayekuja kukaa nyumba ile hana vipimo vilevile.

Chukua kina cha bahari. Tangu 1992 ilipopaa setilaiti ya TOPEX/Poseidon, usawa wa bahari umekuwa ukipimwa kutoka juu kwa mfululizo: ikaja Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016, kisha Sentinel-6 mwaka 2020. Kila mpya ilikabidhiwa na ile ya zamani ikiwa bado hai. Sentinel-6 iliruka sekunde 30 tu nyuma ya Jason-3, kwa mwaka mzima, zote mbili zikipima maji yaleyale ili ijulikane kama zinasema lugha moja. Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu kinachotafutwa ni milimita tatu na kidogo kwa mwaka, wastani wa dunia nzima. Hiyo haifiki nusu ya urefu wa punje ya basmati, nayo inapimwa kutoka kilomita zaidi ya 1,300 juu. Hapo Kilindini bamvua likijaa, maji hupanda zaidi ya mita tatu na kushuka tena siku hiyohiyo. Anayesimama ufukweni akasema "mimi nimezaliwa hapa, bahari ni ileile" hajasema uongo. Ameiona hali. Tabia haionekani kwa jicho lililosimama.

Na ukikosea hesabu, unamsingizia mtu. Zipo setilaiti ambazo tangu mwisho wa 1978 zimekuwa zikipima joto la tabaka za hewa. Kwa miaka mingi takwimu zake zilionyesha kwamba hewa haipati joto la maana, na wasioamini mabadiliko ya tabianchi walizishika kama hirizi. Mwaka 1998 wanasayansi Frank Wentz na Matthias Schabel wakaonyesha kwamba setilaiti zenyewe zilikuwa zikishuka polepole. Hata huko juu kuna hewa nyembamba, nayo huvikwaruza vyombo hivyo vikapoteza kimo. Chombo kikishuka, pembe yake ya kutazama hubadilika, na kipimo kinasoma ubaridi usiokuwapo. Mizani ilikuwa imelegea, mwenye bidhaa akaitwa mwizi.

Hiyo ndiyo kazi anayoiendea mpwa wangu. Atakaa na mafaili ya miaka, aulize kwa nini kipimo cha mwaka fulani kimeruka, ni bahari iliyobadilika au ni chombo, alinganishe na boya na vipima maji vya bandarini. Ni kazi ya hesabu, takwimu na kuandika programu, na ya kutoamini picha kwa sababu inapendeza.

Neno la pili linalonisumbua, nalo nitalipita haraka: "mtafiti chipukizi". Barazani linasikika kama kitoto. Kwenye matangazo ya nafasi lina maana yake, na mara nyingi halihesabiwi kwa umri. Linahesabiwa kwa miaka tangu shahada, hasa ya uzamivu, kwa hiyo mama wa watoto watatu aliyemaliza uzamivu mwaka jana ni chipukizi, na kijana wa miaka 25 mwenye shahada ya kwanza pengine hajafika hata huko. Soma masharti kabla ya kuchoma bando. Nafasi nyingi za Shirika la Anga la Ulaya ni za nchi wanachama, na Kenya si mwanachama. Lakini data za setilaiti za Ulaya hazina ubaguzi huo, ni bure, na zile za Landsat za Marekani ni bure tangu 2008. Picha za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972. Mtu anaweza kukaa Tudor na kompyuta ya kawaida akafuatilia mikoko ya nyuma ya nyumba yao ilivyopungua na ilivyorudi, na akiomba nafasi kwenye kituo cha ramani na setilaiti cha RCMRD Nairobi, au kile cha tabianchi cha ICPAC, au hapahapa kwenye taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, aende na kitu mkononi. Barua zinazoanza na "nina mapenzi makubwa na hali ya hewa" nimeziona. Mpwa wangu alikuwa nayo moja. Niliikata kwa kalamu nyekundu.

Mzee wangu wa barazani nampenda na sitaki anune. Kwa hiyo namwambia taratibu: kijana hakukosa elimu, wewe ulimwuliza hali naye kasomea tabia. Ya Jumamosi waulize Idara ya Hali ya Hewa, na hata wao waulize Alhamisi, si leo. Yeye mwulize hivi: katika miaka thelathini, Jumamosi ngapi za mwezi huu zimelowa Mombasa? Atakujibu kahawa haijapoa, kwa sababu Mei ndio mwezi wetu wa mvua kubwa kuliko yote, na hilo halihitaji utabiri.

Turubai, mzee, weka tu.