Maji baridi ndani ya korongo jembamba: muda unapotelea wapi

Juu kwenye jangwa la kusini mwa Utah, Marekani, joto la Juni linaweza kufika nyuzi 38. Ukishuka chini ya korongo, kuta zimesogeleana kiasi cha kuzigusa zote mbili kwa viganja, jua halifiki, na dimbwi lililo mbele yako linaweza kuwa na maji ya nyuzi 10 au chini ya hapo. Aliyejiandaa kwa jangwa tu atapata taabu hapo, hata kama ni hodari wa kamba.

Maji hunyonya joto la mwili haraka zaidi ya hewa, takriban mara 25. Hata hivyo, kuogelea dimbwi la mita 15 ni suala la dakika moja, na mwili wenye suti nzuri ya kukinga baridi majini unalimudu. Kinachomaliza watu ni kusimama wameloa kivulini wakisubiri zamu ya kushuka kwa kamba. Ndiyo maana kila ninachoshauri hapa, kuanzia unene wa suti hadi urefu wa kamba, kinalenga kupunguza kusubiri.

Anza na hesabu ya kundi. Mko 6, na kila mtu anatumia dakika 5 kwenye poromoko moja, yaani ukuta wa kushuka kwa kamba: kila mmoja wenu atasubiri dakika 25 hapo, ama juu ama chini. Korongo lenye maporomoko 6 ya namna hiyo ni saa mbili na nusu za kusimama tu. Mimi hupendelea watu 4 wenye kamba mbili. Wawili wa kwanza wakishashuka, wanatangulia na kamba ya pili kuandaa poromoko linalofuata, huku waliobaki wakimaliza na kuvuta ya kwanza. Fundi wa kamba mmoja awe mbele, mwingine nyuma. Mkiwaweka mafundi wote mbele, siku kamba ikikwama huko juu hakuna wa kuikwamua.

Kabla ya kuchagua korongo, soma daraja lake la ugumu. Kwa mfumo wa Marekani, 3B III maana yake ni hivi: 3, kamba ni lazima na ujuzi wa wastani unahitajika, B, kuna maji ya kupita kwa miguu au kuogelea, yaliyotulia au yenye mkondo dhaifu, III, safari itakula sehemu kubwa ya siku. C ni maji yenye mkondo wa nguvu, na huo ni ufundi mwingine kabisa. Daraja halikuambii maji ni baridi kiasi gani. Black Hole, sehemu maarufu ya White Canyon karibu na barabara ya 95, kwa kawaida haihitaji kamba, lakini watu huvaa suti za neopreni, mpira laini wa kukinga baridi, humo hata katikati ya kiangazi kwa sababu ya urefu wa kuogelea.

Kuhusu suti: milimita 4 kiwiliwili na 3 mikononi zinatosha kwa korongo fupi la kiangazi. Korongo refu lenye madimbwi mengi linataka milimita 5, pamoja na kofia ya neopreni, soksi na glavu. Lakini kabla ya unene, angalia inavyokaa mwilini. Neopreni hukinga kwa viputo vya gesi vilivyomo ndani yake, na maji machache yanayoingia hupashwa joto na ngozi yakabaki palepale. Suti ikiacha nafasi mgongoni, kila ukijitupa majini yale ya vuguvugu yanasukumwa nje na ya baridi yanaingia. Ijaribu nyumbani: chuchumaa, inua mikono, na umwombe mwenzako abonyeze mgongo juu ya kiuno. Akishika kitambaa kilicholegea, tafuta saizi nyingine.

Suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa, inafaa majira ya baridi, ila mwamba wa mchanga unakwangua kama msasa. Tundu dogo la goti linaingiza maji polepole, na nguo za ndani zikishaloa hazikusaidii tena. Atakayeivaa avae suruali ngumu juu yake. Vyovyote iwavyo, suti ibebwe mgongoni mpaka ukingo wa maji ya kwanza. Ukitembea umeivaa juani utaishiwa maji ya mwili kabla hujagusa baridi. Kunywa ya kutosha njiani, kisha kula kitu chenye sukari na mafuta kabla ya kuvaa. Kutetemeka kunachoma chakula kingi, na ndani ya korongo vidole havitakuwa na uwezo wa kufungua pakiti.

Begi liwe na matundu ya kutolea maji chini, na ndani yake mfuko usiopitisha maji wenye hewa ya kutosha ili lielee. Begi linaloelea ni boya lako. Likumbatie kifuani na upige miguu.

Sasa kamba. Kushuka kwa kamba hadi kwenye dimbwi refu kuna tatizo ambalo korongo kavu halina: unafika majini, miguu haigusi, na lazima utoe kamba kwenye kishushio, kifaa cha chuma kinachobana kamba unaposhuka, huku ukiogelea kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ziada ya mita 10 ya kamba inaelea pale kama mtego, inazunguka miguu. Dawa ni urefu. Tunafunga kamba kwenye pete ya nanga, yaani mahali kamba inaposhikiliwa juu, kwa kishushio cha umbo la nane, kwa namna inayoweza kulegezwa hata ikiwa na uzito, kisha tunaiteremsha mpaka ncha iguse maji tu. Mtu anashuka, ncha inapita yenyewe kwenye kishushio, naye yuko huru bila kufungua chochote. Kwa hiyo ncha hiyo haifungwi fundo, tofauti na mlimani. Na kwa kuwa nanga inalegezeka, nywele au mkanda wa begi ukinaswa kwenye kishushio, aliye juu anamteremsha mwenzake moja kwa moja badala ya kuhangaika kumwokoa akining'inia.

Sauti hupotea kwenye kona za kuta. Kubalianeni ishara za filimbi mkiwa bado juani, na kila mtu azirudie kwa mdomo wake. Wa mwisho kabla ya kushuka aandae kamba ya kuvutia, na aliye chini aivute kidogo kuthibitisha kwamba inatembea. Kamba ikigoma kwenye jaribio, kusogeza fundo mbali na ufa ni kazi ya sekunde chache. Ikigoma wote mkiwa chini, mmebaki kati ya maporomoko mawili, mmeloa.

Usiruke dimbwi ambalo hujalipima. Kila mafuriko hubadilisha sakafu: palipokuwa na kina cha mita 3 mwaka jana panaweza kuwa na mchanga wa kufika magotini, au gogo limelala chini ya maji ya kahawia. Wa kwanza ashuke kwa kamba, apapase kwa miguu, ndipo awaite wengine.

Hatari inayopuuzwa kuliko zote ni birika linalonasa. Ni shimo la mviringo lililochimbwa na mafuriko, kuta zake laini zimeinama kwa ndani. Likijaa hadi ukingoni, unaogelea na kutoka. Likiwa nusu, miguu haifiki chini, mikono haifiki ukingoni, na kila dakika ya kujaribu inapunguza nguvu ya kujaribu tena. Watu hushangaa wakisikia kwamba ukame ndio huongeza ugumu: kabla ya mvua za Julai mabirika mengi huwa yameshuka. Msiingie wote kwa pamoja. Abaki mtu juu mwenye kamba. Mbinu ya kuaminika ni kujaza mchanga kwenye mifuko imara iliyofungwa kamba, kuirusha ivuke ukingo wa pili, kisha kuvuta polepole mpaka uzito na msuguano vishike. Pima kwa kuvuta kwa nguvu kabla ya kuitegemea. Pakiwa na kina cha kusimama, mmoja hupanda mabegani mwa mwenzake. Mfanye uamuzi haraka. Kulijadili birika huku mmesimama ndani yake ni kupoteza joto bure.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameeneza kanuni ya 1-10-1 kwa maji ya baridi kali: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za kutumia mikono na miguu ipasavyo, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Ni kwa mtu asiye na suti, lakini inaonyesha mpangilio: mikono hufa kwanza, kichwa baadaye. Ndiyo maana tunapimana vidole. Mwambie mwenzako agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Akishindwa, asishike tena kamba ya mtu mwingine, na asishuke bila mtu wa kumdhibiti kutoka chini. Mvalishe koti la kuzuia upepo juu ya suti, mpe sukari maadamu anameza vizuri, na muendelee kutembea. Ulimi ukianza kuwa mzito, au kutetemeka kukikoma hali bado amepoa, hiyo ni dharura: mkausheni, mfunikeni, alazwe, asilazimishwe kutembea.

Mafuriko ya ghafla hayazuiwi na suti wala kamba. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa. Septemba 14, 2015, watu 7 walikufa Keyhole Canyon ndani ya hifadhi ya Zion, Utah. Mwamba mtupu hauinywi mvua. Yote huteremkia kwenye ufa mmoja. Soma utabiri wa eneo lote linalomwaga maji kwenye korongo lako, si wa pale mnapoingilia, na usome tena asubuhi ya safari. Kati ya Julai na Septemba ndipo ngurumo za mchana huwa nyingi. Wingu likianza kupanda upande wa chanzo na hamjaingia sehemu nyembamba, rudini.

Mkitoka, vueni suti palipo na jua, mle, mnywe. Suuza kamba na kishushio kwa maji safi siku hiyohiyo. Mchanga uliobaki unasaga nyuzi za ndani ya kamba. Pitisha kidole kwenye mfereji wa kishushio, na ukihisi ukingo mkali, usikitumie tena.