Kudhibiti vumbi karakanani: maana yake hasa

Kudhibiti vumbi ni kulikamata pale linapotoka, kabla halijapanda hewani na kuingia puani mwa mtu. Katika karakana nyingi za Nairobi mambo huenda kinyume. Pita Gikomba, au kando ya Ngong Road kwenye mabanda ya mafundi wa samani: mashine ya msasa inafuka vumbi kutwa nzima, kisha jioni kijana anashika ufagio mkavu. Vumbi lililokuwa limetulia sakafuni linapaa tena, naye analivuta. Hapo pamefagiwa tu.

Vumbi la kuogopwa zaidi ni lile lisiloonekana. Maranda na unga mzito wa mbao huanguka miguuni papo hapo. Chembe ndogo hubaki zikielea kwa saa nyingi. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Chembe zinazoshuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu huwa chini ya mikromita 10, na nyingi hazifiki 4. Ukitaka kuziona, ngoja giza liingie, weka tochi kali nyuma ya mashine inayofanya kazi, kisha usimame upande wa pili ukiitazama kwa pembeni. Wingu utakaloliona lilikuwapo mchana kutwa.

Madhara yake yanajulikana vizuri. Vumbi la mbao huleta pumu, na tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Vumbi la mawe, zege na vigae hubeba silika, madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga, ambayo huacha makovu mapafuni. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo fundi wa mawe anayekohoa kwa wiki kadhaa amweleze daktari kazi anayoifanya, hata kama hajaulizwa.

Wapo wanaosema banda lao halina kuta, upepo unapita, basi hakuna shida. Upepo husaidia kiasi, lakini fundi anainama juu ya ubao, pua yake ikiwa urefu wa mkono tu kutoka kwenye msasa. Anavuta vumbi kabla upepo haujalifikia. Wengine hufunga feni kubwa ukutani, na mara nyingi feni hiyo hulivuta vumbi la mashine moja na kulipitisha nyusoni mwa mafundi wengine wote kabla ya kulitoa nje.

Kinachofaa ni mdomo wa bomba la kufyonza uliowekwa karibu kabisa na mashine. Ukaribu ndio siri ya kazi yote. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 huvuta kwa nguvu pale mdomoni, lakini ukisogea sentimita 10 mbele yake, kasi ya hewa huwa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mtu hununua mtambo wa bei ghali, akauweka nusu mita kutoka kwenye msumeno, kisha akalalamika kuwa haufanyi kazi. Afadhali mtambo mdogo ulio karibu, na msumeno wenyewe ufunikwe pande zote zinazoweza kufunikwa. Ndani ya bomba nako hewa iende mbio, kama mita 20 kwa sekunde kwa vumbi la mbao, la sivyo vumbi litatua njiani na kuliziba. Mwisho wa bomba kuna saikloni, pipa lenye umbo la faneli ambamo hewa huzunguka na chembe nzito kuanguka chini, kisha kichujio cha kunasa zile laini. Mafundi wa mabati wa Kamukunji wana ujuzi wote wa kutengeneza pipa hilo, na ningependa sana kuona karakana za jirani zikichangishana kulinunua. Kichujio lakini kisibahatishwe: mfuko wa kitambaa chepesi hupitisha chembe zile zile tunazozikimbia.

Kwa mawe, silaha ni maji. Grinda inayokata vigae au kaunta za jikoni ikimwagiwa maji pale diski inapogusa jiwe, sehemu kubwa ya vumbi hugeuka tope. Kaunta za kwats, yaani jiwe bandia linalotengenezwa viwandani, zina silika nyingi mno, mara nyingi zaidi ya asilimia 90, na Australia ilizipiga marufuku kuanzia Julai 2024 baada ya vijana wengi kuugua.

Viwanda vya unga, sukari na mbao vina hatari ya ziada: vumbi lao hulipuka. Februari 2008, kiwanda cha sukari huko Georgia, Marekani, kililipuka na watu 14 wakafa. Mlipuko wa kwanza hutikisa jengo na kuangusha vumbi lililolala juu ya mihimili, nalo likiwaka huwa ndilo linaloua wengi. Mihimili isafishwe, na kompresa isitumike kupeperusha vumbi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya 2007, inamtaka mwenye karakana kuweka mitambo ya kufyonza karibu iwezekanavyo na chanzo cha vumbi, pale kazi inaporuhusu. Barakoa inakuja baada ya hayo yote, kwa vumbi linalobaki. Leso hainasi chembe laini, na barakoa ya hospitali huacha nafasi mashavuni. Itafutwe ya kiwango cha N95 au FFP2, yaani inayochuja chembe laini, inayobana uso, na fundi mwenye ndevu ajue kuwa hewa itapenya pembeni hadi azinyoe.