Vinanda vya mtaani vya Uholanzi havina spika

Kila video ya vile vinanda vikubwa vya barabarani vya Amsterdam ikizunguka, hakosekani mtu wa kusema ah hiyo rekodi tu, spika imefichwa nyuma. Hapana jamani. Lile gurudumu analozungusha jamaa linafanya kazi mbili, linapampu mivukuto na linavuta kitabu cha kadibodi kilichojaa matundu, sasa tundu likifika kidole kidogo cha chuma kinachomoza, valvu inafunguka, upepo unaingia kwenye filimbi yake inalia hapo hapo. Tundu refu, noti ndefu. Kampuni ya Gavioli ya Paris ndo ilisajili vitabu hivi 1892, kabla yake ilikuwa silinda la mbao lenye pini, nyimbo chache tu. Na wale midoli wa mbele ya kinanda wanaogonga kengele? Nao wana matundu yao humo humo.