Mfuko wa jinzi kuukuu na gunia la sukari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jumapili soko la Kibuye, hapa Kisumu, hufurika watu. Mimi hukaa pembeni na mifuko yangu niliyoishona kwa suruali za jinzi zilizotoboka magoti, magunia ya sukari, mapazia yaliyopauka na mishipi iliyokosa mwenyewe. Watu huishika, huivuta, huigeuza ndani nje, kisha husema neno. Mengi wanayosema nimeshayasikia hadi nayajua kabla hawajafungua kinywa, na mengi si kweli. Nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kujishonea mfuko nyumbani kwake Kisumu, Nakuru au kokote, kwa sababu nimeona vitambaa vizuri vikitupwa na vingine vikiharibiwa kwa kuamini maneno haya.

"Jinzi iliyochakaa haina nguvu tena."

Suruali haichakai yote kwa pamoja. Huliwa magoti, makalio, mapaja kwa ndani, na pindo la chini linalokanyagwa na kisigino. Kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo cha mguu, kitambaa mara nyingi ni kilekile kilichotoka dukani, na mapaja kwa mbele pia hudumu. Usibahatishe kwa macho. Inua mguu wa suruali mbele ya dirisha penye jua: palipoliwa, mwanga hupenya kama kwenye chandarua, palipo pazima panabaki giza. Mimi huzungushia chaki pale palipoliwa, nikaacha vidole viwili zaidi, ndipo nikate.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Geuza jinzi upande wa ndani uone: nyuzi za buluu hushuka na mguu, nyeupe hukatiza. Kitambaa kina nguvu zaidi kufuata zile za buluu, wala hakivutiki sana upande huo. Kwa hivyo mkanda wa mfuko ukatwe kwa urefu wa mguu, si kwa upana wake. Mkanda uliokatwa kwa upana huanza ukiwa sawa, na baada ya mwezi wa kubeba unga umerefuka mpaka mfuko unagonga goti. Hata jinzi zile za kubana, zenye nyuzi za mpira, ziweke kando. Zinafaa kwa mfuko mdogo wa simu au wa penseli, lakini ukizitia kilo tano za viazi zinalegea kama soksi.

"Mfuko hukatika kwa sababu kitambaa ni hafifu."

Hili ndilo kosa linalonigusa zaidi, kwa sababu nimelipa kwa ajili yake. Mmoja wa mifuko yangu ya kwanza niliuuza kwa mama anayepika chakula karibu na stendi. Wiki ya pili akaurudisha mkanda ukiwa unaning'inia upande mmoja. Viazi vilikuwa vimemwagika barabarani, na chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa imepasuka. Akaniambia kwa upole, "Fundi, kitambaa chako kimeoza." Nikaomba radhi, nikamrudishia pesa, nikaenda nao nyumbani. Usiku nikauweka kwenye mwanga. Kitambaa hakikuwa na hata tundu. Kilichokatika ni uzi. Nilikuwa nimeubandika mkanda pale ukingoni kwa mstari mmoja tu wa cherehani, na uzito wote wa vile viazi ukaning'inia kwenye mishono isiyozidi kumi na miwili.

Mzigo hauvuti mfuko mzima kwa usawa. Hukusanyika pale mkanda unapokutana na mdomo wa mfuko, na hasa kwenye pembe. Jambo hili lilijulikana zamani. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno huko Marekani, aliombwa suruali ya kibarua ambayo mifuko yake haitachanika. Alichofanya ni kupigilia ribiti za shaba kwenye pembe, mahali mkono unapochanulia. Yeye na Levi Strauss, aliyekuwa akimuuzia kitambaa, walipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu huo, tarehe 20 Mei 1873. Vile vidude vya mviringo unavyoviona kwenye jinzi yako ni jibu la tatizo lile lile lililomwaga viazi vya yule mama.

Wewe huhitaji ribiti. Shusha mkanda ndani ya mwili wa mfuko angalau sentimita sita. Kwa nyuma, upande wa ndani, weka kiraka cha jinzi ya pili kikubwa kidogo kuliko upana wa mkanda. Kisha shona kisanduku cha pembe nne kupitia vyote vitatu, na ndani yake pitisha msalaba kutoka pembe hadi pembe. Hapo uzito unagawanywa kwenye mistari sita badala ya mmoja. Na kama mfuko ni wa sokoni kwelikweli, wa kubeba unga na sukari, usiishie pembeni: acha mkanda ushuke mbele, upite chini ya kitako cha mfuko, upande tena kwa nyuma, ukiwa umeshonwa kwenye kitambaa njia nzima. Mkanda wa namna hiyo huubeba mfuko kutoka chini, kama leso inavyombeba mtoto mgongoni.

Uzi nao una neno. Uzi wa pamba uliorithiwa kwenye kopo la bibi ni wa kumbukumbu. Ukiuvuta kati ya vidole viwili hukatika puu. Tumia uzi wa poliesta. Hauozi upesi kwa unyevu, na sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua unyevu unavyofanya kazi yake usiku.

"Bila cherehani ya kiwandani huwezi kushona jinzi."

Cherehani nyeusi ya nyumbani, ya kuzungusha kwa mkono au ya kukanyaga, huishona vizuri. Kinachoshindwa ni sindano. Watu wengi huacha sindano ya namba 11 au 14 waliyoshonea blauzi, kisha ikivunjika wanalaumu mashine. Weka namba 16, na pale unapopita tabaka nne au zaidi weka namba 18. Refusha mshono hadi milimita tatu na nusu hivi. Ukifika kwenye ule mshono mnene wa pembeni wa suruali, ulaze kwenye jiwe au sakafu, uugonge kwa nyundo mpaka ulale, halafu zungusha gurudumu kwa mkono polepole hadi upite.

Na asiye na cherehani asikate tamaa. Mshono wa mkono wa kurudi nyuma, ambapo kila hatua sindano hurudi kuingia pale hatua iliyopita ilipoishia, ni imara sana. Ni kazi ya jioni tatu badala ya moja, basi.

"Gunia la sukari halichakai kamwe."

Watu huona gunia likibeba kilo hamsini na kudhani ni chuma. Magunia haya hufumwa kwa vipande bapa vya plastiki iitwayo polipropilini, na ni kweli yana nguvu nyingi ya kuvutwa. Adui wake ni jua. Gunia lililokaa miezi juu ya paa la banda au kwenye ua hupoteza nguvu yake kimyakimya. Likunje kwa nguvu na kulisugua kati ya viganja: likitoa unga mweupe au vipande kama maganda ya kitunguu, liache. Kwa macho unaweza kuliona zima kabisa, lenye maandishi yake na rangi yake, lakini mfuko wake utakupasukia njiani.

Pasi nayo. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za selsiasi, na pasi iliyowekwa kwenye kiwango cha pamba hupita hapo kwa mbali. Binti niliyekuwa nikimfundisha aliweka pasi ya makaa juu ya gunia ili kunyoosha kunjo, na kabla hajainua mkono pasi ilikuwa imevaa utando mweupe. Kunjo za gunia hunyooshwa kwa ukucha wa dole gumba au kwa mgongo wa kijiko.

Halafu mshono. Kwa nguo tumezoea kwamba mshono mfupi ni mshono imara. Kwa gunia ni kinyume. Kila tundu la sindano ni jeraha, na matundu yaliyokaribiana hugeuka mstari wa kuchania, kama stempu zinavyochanwa. Refusha mshono hadi milimita nne. Usishone karibu na ukingo, kwa sababu vile vipande bapa huteleza na kutoka kimoja kimoja. Kunja ukingo mara mbili, sentimita mbili kwa jumla, ndipo ushone juu ya kunjo. Pini nazo huacha matundu yasiyofunga, basi shikilia kwa vibanio vya kuanikia nguo.

"Gunia lolote likioshwa kwa sabuni ni salama."

Hapana, na hapa naomba tusikilizane. Gunia la sukari, la mchele, la unga au la mahindi ya kula, sawa: osha, anika kivulini, shona. Gunia la mbolea, gunia lililowekwa dawa za shambani, au lililokuwa na mbegu zilizopakwa dawa, lisishonwe mfuko wa chakula hata ukiliosha siku nzima. Mbegu za kupanda hutiwa rangi ili mtu asizile, na ile rangi hubaki kwenye mishono ya gunia. Ukiona madoa ya waridi au kijani kwenye pembe za ndani, ukisikia harufu kali, au usipojua gunia limetoka wapi, basi hilo si la omena wala la mboga. Hata la kitabu cha mtoto singelipendekeza, maana mtoto hutia mkanda mdomoni.

"Loweka jinzi kwenye maji ya chumvi, rangi haitatoka."

Nililifanya hili miaka kadhaa kwa kuambiwa. Rangi ya jinzi hukaa zaidi juu ya uzi kuliko ndani yake, ndiyo maana husuguliwa ikatoka, na ndiyo maana tunaipenda inavyopauka. Chumvi haiikamati, siki haiikamati. Kinachosaidia ni kuifua mara tatu au nne peke yake kabla ya kukata, na hapo jinzi kuukuu inaishinda mpya, kwa kuwa imeshafuliwa miaka. Kufua kabla ya kukata kuna faida nyingine pia: kitambaa kikitaka kurudi, kirudi kabla hujakipima.

"Kitambaa cha mwavuli hakiingizi maji, kwa hivyo na mfuko hautaingiza."

Kitambaa chenyewe huzuia. Mishono yako haizuii, kwa kuwa kila tundu ni mlango. Mwavuli wa mbavu nane uliovunjika hukupa pembetatu nane nzuri sana za bitana, yaani kitambaa cha ndani ya mfuko, na hiyo ndiyo kazi ninayoupa. Wengine huiona bitana kuwa urembo, lakini ndiyo inayofunika kingo zinazochanikachanika ndani, na samaki wakivuja unaifuta kwa kitambaa chenye sabuni.

"Ukitaka kulinda mazingira, nunua pamba mpya ushone."

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni mbili hadi nne au kifungo, wengi wetu tuliamini kwamba kitambaa chochote ni bora. Lakini pamba hulimwa, hunyweshwa maji, hutiwa mbolea na dawa, kisha hupita viwandani. Mwaka 2011 shirika la mazingira la serikali ya Uingereza lilikokotoa kwamba mfuko mpya wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yashuke chini ya yale ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Hesabu ya Denmaki ya mwaka 2018 ilitoa mara 52 kwa hali ya hewa peke yake, na mara 7,100 ukitaka mfuko usishindwe kwa aina yoyote ya madhara iliyopimwa. Suruali yako iliyotoboka goti imeshalimwa na imeshafumwa. Kazi iliyobaki ni ya mkasi na uzi.

Ndiyo maana huwa nasikitika ninapomwona mtu akinunua mita mbili za kitambaa kipya ili ashone mfuko wa "kulinda mazingira" huku pazia zima limekunjwa kabatini.

"Vitu umeviokota, mbona bei?"

Kufumua mguu mmoja wa jinzi bila kuuchana hunichukua karibu dakika arobaini. Kuna kuosha, kukagua kwenye mwanga, kukata, kushona viraka, bitana, zipu, mikanda. Mfuko wa sokoni wenye mkanda unaopita chini hunila saa nne na nusu, na zipu, uzi na sindano nanunua kama fundi mwingine yeyote. Anayeniuliza bei namgeuzia mfuko ndani nje, namwonyesha kisanduku na msalaba wake, namwambia auvute kwa mikono miwili. Wengine huondoka, na wengine hulipa.

Yule mama mwenye viazi nilimshonea mwingine, nikampelekea mwenyewe pale stendi. Mwezi uliopita aliuleta tena. Safari hii zipu ndiyo iliyokufa, na kitako kilikuwa kimeanza kupauka kwa kuburutwa sakafuni. Mikanda iko vilevile. Nilifumua zipu, nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye begi la shule lililochanika, na kwenye kitako nikaongeza kiraka cha gunia la sukari lenye maandishi mekundu. Akauliza kama ninaweza kumshonea binti yake mfano huo huo, ila maandishi yaonekane kwa mbele.